Tofali Lenye Vishimo Viwili

Chumba cha juu,
Nyuma ya karakana ya mbao.
Jumatatu, 15 Julai.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Mama amesimama mlangoni kwangu akasema barua isiyo na salamu ni tusi, kwa hiyo nakusalimu kwanza, na salamu zangu ni za kweli. Naomba kile kifua kilichokuwa kinakubana ulipokuwa hapa kiwe kimeachia, na kazi ya huko iwe inakwenda. Sisi tupo. Mama mgongo unamsumbua asubuhi, ila akishabeba mbao mbili tatu unanyooka wenyewe. Mimi nina mafua na midomo imepasuka kwa baridi. Bibi ni mzima. Shika hilo la Bibi, maana nitalirudia.

Baada ya salamu, nina hasira na wewe. Nimeliandika upesi kabla woga haujaniwahi.

Unajua mimi si msemaji. Ni wewe uliyenibandika jina la Kimya, nikiwa bado nanyonya kidole, na watu wote wakalishika kama wimbo. Nikipewa simu nizungumze nawe, ulimi unaganda, nasema “nzuri” kabla hujauliza habari, halafu namrudishia Mama. Karatasi hainikatizi wala hainicheki. Naomba usome hadi mwisho, hata ukitamani kuichana katikati.

Habari za droni uliyoniachia siku ile ulipopita kutuaga, ukitoka kwa Bibi kwenda kupanda ndege, umezipata nusu. Ulisikia imepotea. Hukusikia imepatikana, wala hukusikia imepatikana wapi.

Nianze na Jumanne. Ulipopiga, Mama aliweka simu juu ya meza ya jikoni na kuifungulia sauti, maana alikuwa na unga mikononi. Mama Mkubwa alikuwa amekaa anachambua maharage. Mimi nilikuwa kwenye kona ya jiko naota moto, na naamini hukujua kama nipo. Watu huwa hawajui.

Ulisema hivi, na nayaandika kama ulivyoyasema: “Dada zangu, tusidanganyane. Mama amechanganyikiwa. Nimekaa uani kwake, nimekunywa chai yake, nimemuaga, akanitemea mate ya baraka mkononi. Leo anawaambia sikufika! Mtu anayemsahau mwanawe wa kuzaa, kesho atasahau moto jikoni.”

Mama Mkubwa akasema, “Na lile nyuki la chuma analolisema je? Lenye jicho, lililomchungulia toka juu ya paa?”

Ukacheka. Ukasema, “Si hiyo droni! Niliirusha palepale uani, yeye kakaa pembeni yangu. Picha si mnayo? Ameiona droni akaikumbuka, mwanawe akamsahau. Mnataka dalili gani nyingine?”

Picha tunayo kweli. Uliitumia familia nzima siku ile uliyoondoka: nyumba ya Bibi kutoka juu, mabati yake yenye kutu, ua, meza, na Bibi mwenyewe ameweka kiganja juu ya macho anatazama angani. Chini yake uliandika, “Kwaheri ya mama yangu mzazi.” Mama aliibusu simu. Mama Mkubwa aliionyesha hadi kwa muuza maziwa.

Basi hapo mezani, kati ya maharage na unga, mkakata shauri. Jumapili tungepanda sote kwa Bibi. Angepokonywa ufunguo kwa upole, ndivyo ulivyosema, “kwa upole”, nyumba ifungwe, kuku wauzwe, na yeye ateremshwe akae kwenye stoo ya nyuma ya karakana, pale tunapoweka makopo ya gundi. Mama alilia, ila alikubali. Hakuna aliyeniuliza, nami sikusema kitu.

Mjomba, mimi hupanda kwa Bibi kila wiki. Anamjua kila kuku wake na mahali anapofichia mayai. Anakumbuka yai nililovunja nikiwa mtoto, na bado ananisema. Bibi hajachanganyikiwa. Lakini wewe umesoma, umesafiri, na unasema bila kukwama. Nani angeniamini mimi?

Nilichukua droni nikatoka nyuma, nikaenda kwenye uwanja wazi unaopakana na karakana. Kulikuwa na baridi ya kuchoma masikio, na ukungu ulikuwa umekalia mlima hadi kiunoni. Wewe ndiye uliyenifundisha: katika baridi, pasha betri kwapani kwanza. Usipae kabla chombo hakijashika setilaiti za kutosha, maana kisipozishika hakijui kilipo, na kitaendelea kushika kumbukumbu ya mahali kilipopaa mara ya mwisho kikiwa na akili zake. Maneno yako hayo nilikuwa nayajua kama jina langu. Tangu uondoke nilikuwa nikiyashika wakati wa kuipasha betri na kuifuta lenzi tu. Siku zote ilikuwa mvua, na sikuwahi kuirusha mwenyewe hata mara moja.

Siku hiyo sikupasha wala sikusubiri. Kifua kilikuwa kimejaa, nikataka kitu kimoja cha nyumba hii kipande juu kikatoke katika maneno yale.

Ilipanda vizuri. Ilivuka paa la karakana, ikavuka nyaya, nikaona uwanja wote kwenye skrini, na mimi mwenyewe kama kichwa cha msumari katikati yake. Nilitabasamu, nakiri. Kisha upepo ukaja.

Haukuja kama upepo wa kupeperusha nguo. Ulishuka mlimani kwa mkupuo, ukapiga mabati ya karakana yakalia, na vumbi la mbao likaingia machoni. Mara ukageuka, ukawa unapanda kuelekea ulikotoka. Droni ililala ubavu. Niliivuta kwa rimoti, nayo ikawa inarudi nyuma uso ukinitazama, kama mtoto anayeburutwa shuleni. Betri iliyokuwa zaidi ya nusu ikaanguka hadi kwenye rangi nyekundu, baridi ilikuwa imeshainyonya. Vidole vyangu vilikuwa havina hisia. Nikabonyeza kitufe cha kurudi.

Mjomba, ilinipa mgongo. Ilinyooka vizuri, ikaacha kuyumba, ikaelekea mlimani kwa mwendo wa mtu anayejua aendako. Niliita, kwa sauti, peke yangu uwanjani. Skrini ikawa ya kijivu.

Mwendesha msumeno, yule tunayemwita Msumari, alikuwa amesimama mlangoni mwa karakana ananitazama. Akawapigia wenzake kelele, “Jamani! Kimya kaongea! Kapoteza ndege, kapata mdomo!” Wakacheka hadi mashine ikazimwa.

Kabla sijavua viatu, Mama Mkubwa alishakupigia. Na wewe hukusubiri hata pumzi. “Mtoto asiyeweza kusalimia kwenye simu,” ukasema, “mlidhani ataweza kuongoza chombo hewani? Huyo hata ufagio unamshinda. Ikipatikana ipelekwe kwa mtoto wa Dada Mkubwa, yeye angalau ni mchangamfu.” Sauti ilikuwa wazi. Wateja wawili waliokuja kuchukua mbao walikuwa wamesimama dirishani. Mmoja aliniangalia miguuni kwa huruma, na huruma yake iliniuma kuliko maneno yako.

Kesho yake nikatoka kuitafuta, nikifuata upepo ulikoelekea. Sikuwa na cha kusema, kwa hiyo niliwanyooshea watu simu yenye picha ya droni. Mbwa walinifukuza katika nyumba mbili. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi aliangalia picha, akaniangalia mimi, akasema, “Kitu cha angani unakitafuta chini? Kaulize mawingu, binti, na unifungie mlango, baridi inaingia.” Mama mmoja alidhani nauza. Mwingine alidhani nimetumwa kupiga picha nyumba zinazotakiwa kubomolewa, akanimwagia maji ya kuoshea vyombo, bahati yakaishia kwenye viatu.

Nilikaa juu ya jiwe na viatu vyangu vimelowa, machozi yananitoka kwa upepo, na kwa mengine. Hapo ndipo nikakumbuka maneno yako. Kumbukumbu ya mahali kilipopaa mara ya mwisho. Mimi sikuwa nimeirusha kabla ya siku ile. Aliyeirusha mara ya mwisho ni wewe, uani kwa Bibi. Basi imekwenda kwa Bibi! Nilifurahi, Mjomba. Nilikupenda kidogo palepale, nikasema moyoni: hata akinitukana, mafunzo yake yananiokoa.

Nikapanda hadi kwa Bibi karibu mbio. Ua ulikuwa umefagiwa. Hakuna kitu juu ya paa, hakuna kitu bandani, hakuna kitu kwenye mti. Bibi alinitazama nikizunguka, kisha akaniambia, “Unatafuta nyuki lako.”

Nikasema ndiyo.

“Halikutua hapa,” akasema. “Halijawahi kutua hapa.” Akaingia ndani kunichemshia chai, na alipotoka hakuongeza neno. Mimi pia sikuuliza. Bibi na mimi tunaweza kunywa birika zima bila neno.

Niliwasha simu nikaangalia ramani iliyobaki ndani ya programu ya droni. Kuna kialama kidogo kinachoonyesha mahali pa kuanzia. Nilikuwa nimekiona tangu jana yake, ila machozi yana lenzi yake. Kialama hakikuwa juu ya ua wa Bibi. Kilikuwa chini, mwisho wa lami, kwenye ile kona ya mwisho ambapo barabara inageuka matope, pale penye uwanja wa kufyatulia tofali.

Nikashuka.

Mwenye uwanja ule ni mama mmoja mnene, mikono mifupi, wanamwita Mama Tofali. Nilimkuta amesimama ndani ya udongo hadi kwenye magoti, mkononi ana kalibu, kile kisanduku cha mbao cha kufyatulia tofali, na baridi yote ile mikono wazi. Droni ilikuwa inaning'inia kwenye msumari wa kibanda chake, imefungwa kamba mguuni kama kuku wa kuuzwa. Pangaboi lake moja la kurukia lilikuwa limevunjika.

“Shikamoo mama,” nikasema.

“Marahaba. Na usidhani shikamoo yako itafungua ile kamba.”

Nikamwonyesha picha. Hakuiangalia.

“Ni lenu, najua ni lenu. Mara ya kwanza nilinyamaza. Nikasema mgeni, hajui. Sasa mnalirudisha tena liniangukie juu ya tofali mbichi? Mnaniona mimi uwanja wa ndege?”

Nilisikia “mara ya kwanza” na masikio yakaacha kuuma.

“Mara ya kwanza lini, mama?”

“Oo, una mdomo! Mara ile ya bwana wa gari jeupe. Viatu vyeupe, gari jeupe, meno meupe. Akasimama hapa akaangalia tope, akaangalia viatu, akaangalia tope. Nikamwambia, kama unapanda kwa bibi wa kuku, nikuazime mabuti. Akasema hapana, ana haraka, ndege inamsubiri. Akatoa lidude lake, akaliweka juu ya tofali zangu kwa kuwa ndipo palipoinuka juu ya tope, likaruka juu kule, likazunguka, likarudi likatua palepale. Hata samahani alisemea kwenye kioo cha gari. Akageuza hapa hapa, akapita na gurudumu juu ya mstari mzima wa tofali. Wewe ni nani yake?”

Nikasema, “Mpwa wake.”

“Basi udugu na uanze kazi,” akasema, akanirushia kalibu.

Mjomba, nimefyatua tofali zako. Zote ulizozikanyaga, na nyingine juu yake, Jumatano jioni na Alhamisi kutwa. Udongo wa Julai ni kama kutia mikono ndani ya kisima cha usiku. Unaukanda kwa miguu, unaujaza kwenye kalibu, unausawazisha kwa kijiti, unageuza, unaomba Mungu lisipasuke. La kwanza lilitoka kama keki iliyokaliwa. Mama Tofali akasema, “Hilo mpelekee mjomba wako akalalie.” Alinitukana kutwa nzima, na kila akinitukana alinisogezea mkaa wa kuotea mikono. Kucha zangu hadi leo hazijatakata, ndiyo maana karatasi hii ina madoa.

Tulipomaliza alikata kamba, akanipa droni. Kisha akaingia nyuma ya tanuri akarudi na tofali moja lililochomwa. “Na hili lichukue. Lilikuwa bichi dude la mjomba wako lilipotua. Likaokwa hivyo hivyo, na tofali lenye vidonda hakuna fundi anayenunua.” Lina vishimo viwili upande wa juu. Nikaiweka droni juu yake. Miguu ya mbele ikaingia, mmoja huku mmoja huku, kama vidole kwenye glavu.

Nililibeba hadi nyumbani kifuani. Sikumwambia mtu. Hata Mama. Niliogopa nikilisema mapema mtalizunguka kwa maneno, na wewe una maneno mengi kuliko mimi.

Jana Jumapili tukapanda sote. Mama Mkubwa alikuwa amebeba kikapu cha kumbebea Bibi nguo zake, na alipofika alianza kuzungumza naye kwa sauti kubwa na ya polepole, kama mtu anayeongea na mtoto au kiziwi. “Mama, tunakupeleka mahali penye joto, eeh? Penye watu. Ufunguo uko wapi, mama yangu?”

Bibi alikuwa amekaa kwenye kiti chake, leso imefungwa kichwani vizuri. “Ufunguo uko mlangoni,” akasema. “Kwa nini? Umepoteza wa kwako?”

Mama Mkubwa akamgeukia Mama kwa jicho la unaona? Mama akainama. Akaunyoosha mkono kwenye mlango.

Hapo nikalitoa tofali ndani ya mfuko nikaliweka juu ya meza ya uani. Lilitoa mshindo mkubwa kuliko nilivyotaka. Kuku wakaruka.

“Nini tena hiki?” Mama Mkubwa akasema. “Kimya, huu si wakati wa kucheza.”

Nilitaka kuongea, Mjomba, na ikawa kama siku zote. Basi nikaitoa droni, nikaiweka juu ya tofali, miguu ikaingia kwenye vishimo. Nikaelekeza kidole kule chini, kwenye kona, ambako moshi wa tanuri ulikuwa unaonekana. Mama Mkubwa akasema, “Mtoto huyu naye achunguzwe.” Na hilo ndilo lililonifungua.

Nikasema, “Mjomba hakufika.”

Nilisema mara ya pili kwa kuwa ya kwanza ilitoka kama kikohozi. Kisha nikasema yote: kona, tope, viatu vyeupe, tofali, gari lililogeuka. Sauti yangu ilitetemeka hadi ikaniaibisha, lakini haikukatika. Nikasema droni ikipotea hurudi ilikoanzia, nayo imerudi kwa Mama Tofali, si hapa. Nikasema kama mnadhani nadanganya, yupo pale chini, ana mdomo kuliko sisi wote, twendeni tukamuulize.

Hakuna aliyekwenda. Mama aliutoa mkono wake mlangoni.

Mama Mkubwa akabanabana kikapu. Kisha akamuuliza Bibi, safari hii kwa sauti ya kawaida, “Mama, wewe ulijua?”

Bibi alitia kidole kwenye kishimo kimoja cha tofali, akakizungusha. “Nililiona gari toka limeingia njia panda chini,” akasema. “Gari jeupe huku kwetu ni moja tu. Nikatandika meza. Likasimama kwenye kona. Nikasema anashuka, anavua viatu. Likaja lile dude. Likanitazama, nikalitazama. Likaondoka, na gari likageuka.”

“Mbona hukutuambia hivyo, mama?” Mama akasema, na alikuwa analia tena. “Ulisema tu hakuja! Tukakuona umechanganyikiwa, na wewe ukanyamaza!”

“Niliwaambia hakuja. Hamkuniamini. Mlitaka niongeze nini? Niseme mwanangu alifika mlangoni kwangu akaona tope kubwa kuliko mimi?” Akaondoa kidole kwenye tofali. “Heri mniite nimechanganyikiwa. Aibu ya mtoto mama huilalia.”

Ndiyo hivyo, Mjomba. Bibi alikuwa tayari kwenda kulala kati ya makopo ya gundi ili watu wasijue ulifanya nini. Na wewe ulikuwa tayari kumwacha aende. Nimekaa na hilo tangu jana nikitafuta namna ya kuliandika kwa adabu, sijaiona.

Huenda una sababu. Mama, ambaye ni dada yako na anakupenda kuliko unavyostahili wiki hii, anasema labda uliogopa kuaga, kwamba wewe tangu utoto hukuweza kuaga bila kulia, ukaona bora umwone mama yako kutoka juu. Inawezekana. Na mimi ni mwoga, najua woga unavyofanya kazi. Lakini woga wangu haujawahi kumnyang'anya mtu ufunguo wake. Kuogopa ungeogopa tu. Kisha ukaongeza uongo, na juu ya uongo ukaweka mama yako. Njia ya mwongo ni fupi, Mjomba. Ya kwako iliishia kwenye kona.

Sasa sikia mambo ya nyumbani yalivyoamuliwa. Ufunguo uko mlangoni kwa Bibi. Kuku hawauzwi. Mama Mkubwa alimwomba radhi mama yake, kwa taabu, kama anayetema mfupa, kisha akafua shuka zote za nyumba ile katika maji ya baridi bila kuombwa. Mtoto wake hatapewa droni. Alisema yeye mwenyewe haitaki, inaleta kesi. Pangaboi nimebadilisha. Msumari amenitengenezea sanduku la mbao la kuibebea, na bado ananicheka, ila sasa ananicheka mbele yangu, si nyuma. Droni inabaki kwangu. Sikuombi, nakuarifu.

Mama Tofali ameniambia nikitaka kazi hadi matokeo ya mtihani yatakapotoka nirudi kwake. Nimekubali. Anatukana sana lakini hasemi uongo.

Nina jambo moja la mwisho. Fungua ile picha yako, Kwaheri ya mama yangu mzazi. Ikuze kwa vidole. Sisi sote tumeitazama wiki hizi zote na hatukuona, kwa kuwa tulikuwa tunakutafuta wewe. Mwache Bibi na kiganja chake juu ya macho. Sogea kwenye meza. Pale pana chupa ya chai, na vikombe viwili, na kimoja kimefunikwa kwa sahani ili kisipoe. Bibi anaishi peke yake, Mjomba.

Mama anakusalimu. Alitaka niandike “sana”, kisha akasema niandike anakusalimu tu. Mama Mkubwa hakusema neno, ila aliniletea stempu. Mama Tofali anasema ana mabuti ya namba yako.

Bibi hakutaka nikuandikie. Nilipomwambia naandika hata hivyo, nikamuuliza salamu zake niziweke vipi, akasema salamu zake haziletwi kwa barua. Zipo mezani uani, njoo uzichukue kwa miguu.

Mungu akulinde huko uliko, akupe afya, na akupe tope jingi njiani ujifunze kulivuka. Naomba hilo kwa moyo mweupe.

Wako akupendaye, bado, ingawa kwa wiki hii ni kwa shida,

Mpwa wako,
Kimya.